Picha Tisa za Kabla ya Jumatatu

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mpiga picha, na mtaa mzima ulimwita Usipepese. Ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa kwenye stuli yake, mkubwa kwa mdogo, kwa sauti ileile ya kuamuru, hadi watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Studio ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Cha mbele kilikuwa na stuli, pazia la kijivu na taa mbili za miguu mitatu. Cha nyuma hakikuwa na dirisha, na humo ndimo alimosafishia filamu. Mimi nilikaa kwenye meza ya mbele. Niliandika majina kwenye bahasha na namba kwenye daftari, na kumkabidhi kila mtu picha zake. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa.

Wakati ule simu zilikuwa za kuongea tu. Mtu aliyetaka picha za safari au za harusi aliazima kamera, akanunua filamu na kuitia mwenyewe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kuna waliotia filamu katikati ya jua kali, mwanga ukapenya. Kuna waliogusa kwa kidole kile kipazia cha ndani, chembamba kama utando, kikabonyea. Wengi hawakuufikisha ulimi wa filamu, ile ncha yake iliyochongwa, kwenye meno ya kuuvuta. Walipiga picha thelathini na sita na filamu haijasogea hata hatua moja. Mwalimu mmoja alituletea ziara nzima ya shule namna hiyo.

"Ulipokuwa unavuta," Usipepese alimuuliza, "kile kirungu cha kushoto kilikuwa kinazunguka?"

"Kirungu gani?"

"Basi, mwalimu. Umeshajibu."

Mwingine alifungua mgongo wa kamera katikati ya harusi ya mpwa wake.

"Nilifungua kidogo tu, fundi, nione kama zimeingia."

"Ukaziona?"

"Hapana."

"Basi ndugu yangu, tuko sawa. Na mimi sitaziona."

Aliyasema hayo bila kucheka. Dada, ambaye kila siku alimshikia ile karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga usoni kwa mteja, aligeukia ukutani ili mtu asione mabega yake yanavyotikisika. Usipepese alijivunia jambo moja tu: kwamba kwa miaka thelathini hajawahi kupoteza filamu ya mteja. Hadi wakati ule lilikuwa kweli. Nimepitia madaftari yote.

Zamani alipomaliza filamu aliirudisha yote ndani ya kibati chake, ulimi ukamezwa kabisa, ili iliyotumika isifanane na mpya. Kisha viungo vya vidole vikaanza kuvimba. Kukifungua kibati gizani kukamshinda, kwa hiyo akawa anaacha ulimi nje apate pa kuvutia. Ili kutofautisha, alikunja ncha ya ulimi mara moja, kama mtu anavyokunja kona ya ukurasa. Hata vifuniko vya vikopo vya filamu mpya vilimuumiza, akazitoa zote na kuzipanga wazi kwenye droo.

"Shemeji," nilimwambia, "hiyo kona si alama ya kutegemea. Tuandike kwa kalamu."

"Kalamu ni zako, shemeji. Wewe andika bahasha zako."

Nikajiwekea utaratibu wangu. Akishakunja ncha, sikupitisha nusu saa kabla ya kuitia filamu ile kwenye bahasha yenye namba. Kwa miaka miwili ilitosha.

Dada alianza kuumwa na jino ambalo halikuwa jino. Walimpiga eksirei mara tatu. Siku ya jibu alirudi kutoka hospitali moja kwa moja hadi studio, akakaa kwenye stuli na mkoba wake mapajani.

"Ni uvimbe ndani ya mfupa," alisema. "Watalitoa taya la kushoto, karibu lote. Jumatatu. Daktari amenichorea kwenye karatasi shavu litakavyoingia ndani. Amechora vizuri, kwa kweli."

Usipepese alikuwa anafuta lenzi. Aliendelea kuifuta.

"Nataka unipige picha kabla ya Jumatatu," dada akasema.

"Nitakupiga. Si upo hapa kila siku?"

"Ndiyo maana hujawahi kunipiga."

Hakuwa anamsingizia. Picha zake zilikuwa mbili tu. Moja ya harusi, ambayo shela limemfunika nusu ya uso. Nyingine ya kitambulisho, ya usichana wake, na muhuri umegongwa juu ya kidevu. Miaka ishirini na mitatu alisimama kando ya kamera akiwamulikia wengine.

Ijumaa walikuja wafanyakazi wa maghala, thelathini na sita, kupigwa picha za vitambulisho. Walijaza filamu moja kamili. Mchana nilitoka kwenda kugongesha muhuri karatasi za hospitali za dada, foleni ikanikalisha mpaka ofisi ikafungwa, na sikurudi kazini. Usipepese alikunja ncha ya filamu ile na kuitia kwenye droo ili isipotee.

Jumamosi asubuhi nilimkuta dada anapanga studio. Hakutaka aondoke aache vumbi. Droo ilikuwa mapajani mwake, naye alikuwa anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ndimi za filamu, moja baada ya nyingine.

"Hizi zinajikunja," alisema. "Zitamkwamia na vidole vyake vile."

Nilimsikia. Nilikuwa naangalia fomu kama zina mihuri yote. Nikamwambia apumzike.

Alasiri alivaa blauzi ya bluu akakaa. Uvimbe ulikuwa bado haujaonekana kwa nje. Uso ulikuwa wake wote. Usipepese alichukua filamu kwenye droo, akaitia polepole, akafikisha ulimi kwenye meno, akavuta, akaangalia kirungu cha kushoto. Kilizunguka, maana yake filamu inasogea. Mimi ndiye niliyeshika karatasi nyeupe siku hiyo. Alipiga tisa, na kati ya moja na nyingine alikwenda kusogeza taa kiasi cha upana wa kidole.

"Mbona huniambii?" dada akauliza.

"Nikuambie nini?"

"Nisipepese."

"Wewe pepesa tu."

Jumatatu alikuwa chumba cha upasuaji, na sisi wawili kwenye benchi la nje. Jumanne Usipepese aliingia chumba cha giza. Nilisikia maji yakimwagika, yakaendelea kumwagika muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka filamu ilikuwa inadondosha maji juu ya viatu vyake. Aliinyanyua kwenye taa.

"Shemeji, njoo uangalie. Macho yangu siku hizi."

Macho yake hayakuwa na tatizo. Kwenye kila moja ya zile tisa kulikuwa na watu wawili: dada, na juu yake mfanyakazi wa ghala. Ilikuwa ile filamu ya Ijumaa, imepigwa mara ya pili. Kama angekuwa mzembe wa kupanga, labda kichwa kimoja kingeangukia pembeni tukapata cha kukata. Lakini stuli ilikuwa palepale, kamera kwenye alama yake ileile ya chaki, na alikuwa ameitia filamu kwa uangalifu uleule. Sura ziliangukiana. Masharubu ya watu yalikuwa mdomoni mwa dada yangu.

Kwa wiki mbili alikaa humo ndani akijaribu kuchapisha. Alikata vipande vya kadibodi vya umbo la shavu, la sikio, la pua, azuie huyu na kumpitisha yule. Nilihesabu karatasi mia moja na kumi na mbili kwenye pipa. Mwanga ukishaingia kwenye filamu hautolewi, na yeye alilijua hilo kabla mimi sijazaliwa katika kazi ile.

Dada aliletwa nyumbani siku ya kumi na nane. Bandeji zilipotoka, alizungumza kwa upande mmoja, na ilibidi kusikiliza kwa makini. Neno la kwanza tulilolielewa vizuri lilikuwa picha.

"Zinakauka," Usipepese alimwambia.

Wiki ikapita.

"Picha gani hizo zinakauka wiki nzima? Umezianika kwenye mvua?"

"Nikupige nyingine," alisema. "Kwa upande wa kulia. Upande huu bado ni wako wote."

"Huo nauona kila siku kwenye kioo. Mimi nataka ule mwingine."

Basi akazileta. Alizipanga juu ya kitanda, tisa, zile zilizokuwa na nafuu, na akabaki amesimama.

"Kosa ni langu," alisema. "Sikukunja ulimi."

Dada aliziangalia moja moja. Kisha akatazama ukucha wa kidole chake gumba, nami nikajua ameshalifikia jibu.

"Ulikunja," alisema. "Moja ilikuwa ngumu kuliko zingine. Niliipitia mara mbili ikanyooka."

Usipepese alisema hapana, hapana, ilikuwa ni yeye, alisahau. Alirudia mara nyingi mno. Mimi nilikuwa na maneno yangu ya kusema, juu ya ile foleni na zile fomu, na sikuyasema.

Dada alinyanyua picha ya mwisho.

"Huyu ni nani?"

Nilifungua daftari. Nilikuwa nalo. "Namba tisa. Mpakiaji, ghala la tatu."

"Ana taya zuri," dada akasema, akacheka kwa upande unaoweza kucheka. Sisi hatukuweza.

Alizikusanya, akazigonga kingo zilingane, akazifunika kifudifudi kwenye shuka. Akamgeukia mumewe.

"Basi niambie. Lilikuwaje?"

"Nini?"

"Shavu langu. Wewe ndiye uliyekuwa unaliangalia."

Usipepese alikaa ukingoni mwa kitanda. Alifumba macho kama anavyofanya akiingia chumba cha giza, ayazoeshe.

"Lilikuwa linapokea mwanga vizuri," alisema.

Dada alisubiri. Alikuwa amemwelekezea uso wote, upande uliobaki na ule uliokwenda, na alisubiri kwa heshima, kama wateja walivyokuwa wanasubiri kwenye stuli.

"Lilikuwa... mfupa ulikuwa unashuka hivi." Alipitisha kidole chake kilichovimba hewani. Aliupitisha mstari, akaufuta, akaupitisha kwingine. Halafu mkono ukashuka.

Dada akaniangalia mimi. Nilizaliwa nikamkuta. Nililala mgongoni kwake, nikala naye, nikakaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa ya kazi. Nilitafuta, na kila nilichokipata kilikuwa uso huu alionao sasa, au yule mpakiaji wa ghala la tatu.

"Sikumbuki, dada," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole. Usipepese bado alikuwa amefumba macho.