Anayeikunja Karatasi ya Mashine

Uongozi wa hospitali umetangaza rasmi kwamba mashine mpya husoma mchoro wa mapigo ya moyo kwa sekunde kumi, bila kuhitaji jicho la binadamu. Daktari wetu wa watoto huisifu, kisha hukunja karatasi inayoitoa ili asiyaone maoni ya mashine yaliyochapwa juu, na kupima miraba ya mchoro kwa ncha ya penseli, akihesabu kwa Kinyarwanda. Jana mama mmoja wa Nyamirambo alikuja akilia: mashine imeandika kwamba Leila, miaka minne, amepata mshtuko wa moyo. Daktari akapima, akapima tena.

"Mama Leila, mashine iko inafikiri huyu ni mzee wa sitini. Moyo wa mtoto ndivyo unavyojichora."

"Kwa hiyo acheze?"

"Acheze mpaka akuchoshe."

Mwezi huu mashine imegundua mishtuko ya moyo kumi na mmoja, yote ya watoto wa chekechea.