Umeme Uliochoka

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nikiwa sijamaliza hata mwaka katika ndoa hapa Tabora, mume wangu Hamisi aliingia na waya mpya ameuviringisha begani. Miaka ile ya Ujamaa waya wa umeme ulikuwa adimu kuliko sukari. Huu ulikuja na treni kutoka Mwanza, baada ya kusubiriwa hadi tukaukatia tamaa. Mimi nilikuwa nimeahidiwa taa katika chumba cha cherehani. Nilishona sare za shule kwa mwanga wa koroboi, na macho yalikuwa yameanza kuniuma.

Lakini Hamisi alikuwa na gramafoni ya umeme, na kipenda roho hula nyama mbichi. Alisema umeme unaozungukia pasi na taa za nyumba nzima hufika kwenye gramafoni umechoka, ndiyo maana sauti ya mwimbaji haina utamu. Akautandaza waya sakafuni, moja kwa moja kutoka kwenye mita, akaweka santuri. Usinicheke, hata mimi niliusikia huo utamu. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana nilisikia kweli.

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, alikuwa anachagua mchele.

"Siku waya ulipolegea gramafoni ikakoroma," alisema, "nilisikia nikiwa uani, na hakuna aliyeniambia nisikilize. Huu utamu mbona mpaka tuambiwe? Chema chajiuza, baba."

Akatukalisha nyuma ya pazia. Yeye angehamisha plagi, mara soketi ya zamani, mara ya waya mpya, nasi tutaje ni upi. Santuri ileile ikapigwa mara tatu. Mwanzo tulisema wa zamani. Mara ya pili Hamisi akanishika mkono.

"Huu ndio mpya. Sikia ngoma inavyotua."

Nikakubali kwa moyo wote. Mara ya tatu tukasema umerudi wa zamani.

Bi Zuhura akavuta pazia. Plagi ilikuwa kwenye soketi ya zamani.

"Sijaigusa tena tangu mara ya kwanza," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Hamisi akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kesho yake waya ukaenda chumbani kwangu. Na ajabu ni hii: nilipokuwa nashona chini ya taa ile, santuri ikilia sebuleni kwa umeme wake uliochoka, niliona sijapata kusikia muziki mtamu kiasi kile. Mpaka leo najiuliza sikio husikia kwa kutumia nini.

Mwanangu, usilidharau sikio lako, lakini usilifanye shahidi na hakimu kwa wakati mmoja. Kuuliza si ujinga. Kabla hujamnyima mwenzako taa kwa ajili ya utamu ulioambiwa upo, kaa kwanza nyuma ya pazia. Mungu akupe masikio mazima, na mwanga pale unapofanyia kazi, na ndani ya nyumba yako usikose mtu wa kukuvutia pazia bila kukuaibisha.