Vipande vya Ming'oko

Ule mwaka tuliokula ming'oko, mizizi ile ya msituni, asubuhi na jioni, hata futari ming'oko, mimi nilikuwa sijavunja ungo. Nimeukumbuka juzi, mwenzangu, mjukuu wangu aliponijia na daftari la Kiingereza.

"Bibi, mwalimu anasema 'unevenly' ni kugawa bila usawa. Nitungie mfano."

Mimi niliyeishia darasa la pili! Nikamwambia, kaa chini, huo mfano nimeulalia njaa.

Kwetu Kitomanga mvua ilikuwa imekataa, mihogo imekauka. Wachimbaji wa ming'oko tulikuwa mama na mimi. Unaufuata mmea wake msituni, unalala kifudifudi, mkono umezama shimoni hadi begani, unapapasa mzizi huku moyo unakwambia nyoka huyo. Ukivuta kwa pupa, unakatika.

Jioni mama akipakua, mizima yote inakwenda kwenye sinia la baba na kaka zangu wawili, walioshinda wakihama na kivuli cha nyumba. Baba alikuwa na neno lake: "Mwanamume hali kilichovunjika." Sisi tuliovunjika migongo tunabaki jikoni na vipande. Kaka mkubwa anapaza sauti huko nje, "We mtoto, leo mitamu! Kesho nenda mbali zaidi!" Mdomo umejaa.

Siku moja nikalisukuma bakuli. "Sili vipande. Nimechimba mizima."

"Kula, mwanangu. Baba yako atasikia."

"Asikie."

Mama akanitazama sana. Kisha akanipa mgongo, akavila yeye, upesi upesi kama mwizi. Ndipo nikajua kwamba siku zote bakuli lilikuwa moja tu, langu. Yeye alikuwa akinywa yale maji ya chumvi yaliyochemshiwa ming'oko.

Mjukuu kalamu ikamsimama.

Sasa ule msitu ni mashamba ya ufuta. Ming'oko inauzwa stendi kwenye vifuko, watu wanatafuna kujifurahisha. Baba kazikwa, kaka zangu wamezikwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia ahsante. Siwalilii. Mama ndiye ninayemtaka. Angerudi leo ningemchimbia peke yangu, na uzee huu, mpaka kucha zing'oke. Lakini akinisogezea tena lile bakuli, nitalia, na jibu langu ni lile lile: Sili vipande. Nimechimba mizima.