Walivyonililia Mtandaoni Nikiwa Hai

Kabla hujasema huyu mama amechanganyikiwa, nenda soko la Jericho, uliza anakoshonea Njeri, umwulize mwenyewe kama yaliyonipata ni porojo. Njeri hatakudanganya, maana katika mambo haya yeye ndiye aliyeniua na yeye ndiye aliyenirudisha. Sikuota, sikuwa na homa, na pombe sijaionja tangu niokoke. Sikiliza basi.

Mimi nashona sare za shule, na kibanda changu kimepakana na cha Njeri. Nina mdomo, hilo nalikubali mapema. Kitu kikiniudhi lazima nikiseme, na hakuna wanaoniudhi kama hawa watu wa makampuni ya simu na programu. Unalala na simu nzuri, unaamka inakwambia imejisasisha. Nani aliiomba? Kitufe ulichokizoea kimehamishwa, betri inakwisha kabla ya chai ya saa nne, na ukienda kulalamika unakutana na mashine inayotaka uithibitishie kwamba wewe si mashine. Sasa jamani, chuma kiniulize mimi kama ni mtu?

Ndiyo sababu nilijiunga na jukwaa letu la mtandaoni, Kikao cha Waliochoka. Ni watu wa mitaa yetu hii ya Eastlands, tunakutana hapo kuyasema hayo makampuni na kucheka ili tusilie. Mimi huko wananiita Mama Sasisho. Na tulikuwa na desturi moja. Simu ya mtu ikifa, au kampuni ikiondoa kitu tulichokipenda, tunaifanyia matanga kamili. Kuna kamati, kuna mwenyekiti, kuna wasifu wa marehemu: "Marehemu alizaliwa dukani, akalelewa mfukoni, ameacha chaja mbili na kifuniko kilichopasuka." Mmoja anatuma wimbo wa kanisani kwa sauti mbovu, mwingine anauliza chakula kitaiva saa ngapi. Mwenyekiti alikuwa Njeri kila mara, maana huyo dada anajua kulia uongo mpaka unataka kumpa leso.

Basi siku moja sasisho likaja likaiua simu yangu mwenyewe. Ikaganda kwenye nembo ya kampuni, ikazima, na haikuwaka tena hata kwa chaja. Nikawa kimya jukwaani. Njeri naye alikuwa ameenda mashambani kumwona dada yake aliyejifungua, kwa hiyo hakujua. Aliona tu kimya changu, akafungua matanga. "Kamati, tuna msiba. Mama Sasisho ametutoka, ameuawa na sasisho." Akaweka picha yangu ya nguo ya kitenge. Akaandika wasifu wangu mrefu: kijiji nilikozaliwa, jina langu la nyumbani, binti yangu Shiru ninayemwacha. Watu wakafurika kutuma pole, wakicheka huku wakilia. Na mmoja wao, hadi leo hatujui ni nani, akauchukua msiba huo akaupeleka kwa kampuni yenye mtandao ule, akaripoti kwamba nimekufa.

Mtu anaujua mzaha. Mashine haiujui. Iliona picha, wasifu na rundo la pole, ikaamini, ikaifunga akaunti yangu. Juu ya jina langu ikaandika, "Tunamkumbuka."

Mteja mmoja ndiye aliyenionyesha, kwa simu yake. Nilicheka, niamini, nilicheka nikashika mbavu. Nikaichukua simu ile niwajibu ipasavyo, nikagusa kioo. Kimya. Nikafuta kidole kwa khanga, nikagusa tena, nikabonyeza kama ninayekanda unga. Mteja akagusa mara moja tu na kikafunguka. "Mikono yako imekauka, Mama Shiru," akasema, nami nikakubali. Nani angefikiria vingine?

Sasa nikueleze kuhusu Shiru. Binti yangu yuko Ghuba, anafanya kazi ya nyumba, na mwajiri wake humruhusu kushika simu Jumapili alasiri peke yake. Kwa kuwa yangu ilikuwa imekufa, nilienda kwa jirani yangu Mama Asha, akanipokelea simu ya video na kunielekezea. "Mama yako huyu hapa," akamwambia.

"Wapi?" Shiru akauliza. "Mi naona kiti tu."

Nikamwita. Nikapiga kelele mpaka kuku wa uani wakakimbia. Yeye akawa anasema halo, halo, kisha uso wake ukajikunja kama alipokuwa mdogo. "Mama Asha, nimeona huko online wanasema mama amekufa. Mbona mnanificha? Hata kama ni kutoroka, nitatoroka, nije nimzike."

"Wacha maneno hayo! Mama yako yuko..." Mama Asha akageuka kuniangalia, na macho yake yakapita juu yangu yakaenda hadi mlangoni. "Alikuwa hapa sasa hivi," akasema polepole. Nilikuwa nimeketi mbele yake, goti langu likigusa lake.

Ndipo nilipoogopa. Si kwa ajili yangu. Pasipoti ya Shiru iko kabatini kwa mwajiri, na wasichana wanaotoroka huko unajua wanaishia wapi. Mtoto wangu angefungwa ugenini kwa sababu ya kuja kumzika mtu anayekunywa chai.

Kesho yake nikaenda mtaa wa Baba Dogo, kwa fundi wa simu anayesifika, anayekaa ng'ambo ya kiwanda cha unga. Nilijiambia kwamba simu yangu ikipona, yote yatatengenea. Ilikuwa saa ya wafanyakazi kutoka kula, jua la utosi, barabara imejaa watu. Nikamsalimu fundi. Nikamsalimu tena. Akaendelea kupuliza vumbi kwenye simu ya mtu mwingine.

"Usijisumbue, mathe. Hakuskii."

Alikuwa mwanamume amekaa kwenye benchi la wateja, wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri. Nikamwuliza kama yeye ananisikia.

"Mi nakuskia poa. Walikulilia wapi?"

Nikamtajia Kikao cha Waliochoka. Akatikisa kichwa, akatabasamu. "Hao bado wako? Mimi walikuwa wananiita Betri Imeisha."

Jina hilo nililijua. Wazee wa jukwaa husimulia kwamba matanga ya kwanza kabisa, kabla sijajiunga, hayakuwa ya simu. Yalikuwa ya Betri Imeisha, mcheshi wao mkubwa, aliyekaa kimya wiki moja wakaamua kumtania. Walidhani alikasirika akahama.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo likinijia huwa nakaa chini. Vumbi la kile kiwanda lilikuwa limemkalia kila mtu. Fundi alikuwa na nyusi nyeupe. Wapita njia walikuwa na mabega meupe. Huyu wa benchi nywele zake zilikuwa nyeusi tititi, hata chembe moja haikumgusa. Nikashusha macho nikaangalia shali yangu nyeusi. Ilikuwa safi.

"Inaanza na simu," akaniambia, kwa upole, kama mtu anayekuelekeza njia. "Halafu watu usiowajua. Halafu majirani. Wa mwisho ni wa nyumba. Bibi yangu alikuwa ananipakulia kila siku. Siku moja akaacha kuweka sahani yangu. Si ati alikasirika. Alisahau tu."

"Na kwa nini unakaa hapa?"

Alinyoosha mkono kwenye kikapu cha fundi cha simu zilizooza, akachukua moja isiyo na betri, mgongo wazi, akaigusa kioo. Kikawaka. Akaniambia nijaribu yangu. Nikaitoa mkobani, ile maiti ya simu, nikaiwekea kidole, ikawaka papo hapo, ikang'aa kuliko siku niliyoinunua. Naapa sikuwahi kukichukia kitu kama nilivyouchukia mwanga ule.

Nikamkumbuka cucu yangu, mama wa mama. Alikuwa akituambia kwamba mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii kwa mlango wa mbele, maana huo ndio waliomtolea. Husimama mlango wa nyuma, na aliyeongoza kilio humwita kutoka ndani kwa jina lake la nyumbani. Akiitika, amerudi. Nikamweleza yule bwana. Akainama.

"Walionililia hawajui hata jina langu," akasema. "Wananijua Betri." Kisha akanitajia jina lake na nyumba yake, huko mtaa wa Fedha, akanifanya nirudie nisisahau. "Ukirudi, mathe, enda umwambie bibi yangu aniite. Naye alinililia, sana, kabla hajanisahau."

Nikaahidi. Ungefanyaje?

Nilirudi Jericho nikamkuta Njeri amefika kutoka mashambani, anapanga vitambaa. Nikamwita sikioni. Akajikuna sikio. Nikamshika mkono, akavuta sweta akidhani ni baridi. Nikaketi kwenye cherehani yangu kwa kukata tamaa, mguu ukakanyaga wenyewe kwa mazoea, na sindano ikaenda. Cherehani ya kukanyaga haikuulizi wewe ni nani. Njeri akageuka, akaona gurudumu linazunguka na kiti kitupu, akapiga yowe.

Mimi ndiye ninayeshona majina ya watoto kwenye sweta za shule. Basi nikatia uzi mwekundu, nikavuta kipande cha kitambaa, nikashona herufi kubwa: NJERI NIITE MLANGO WA NYUMA. Herufi zikaenda upande. Lakini alisoma. Naye pia alilelewa na cucu yake, hakuhitaji kufafanuliwa.

Nyumba zetu za Jericho ni zile za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji, zina mlango wa mbele na mwingine wa kutokea uani. Njeri akaingia kwangu, akafunga mbele, nami nikasimama uani kando ya bomba. Akaita jina langu. Nikaitika. Mlango ukakataa, mkono wangu uliuegemea tu bila nguvu. Unajua kwa nini? Njeri akiogopa hucheka. Alikuwa akiniita huku anacheka, kama jukwaani. Akaita tena, kicheko kikamponyoka tena. Nikamsikia akijipiga kofi. Kisha akaanza kulia, kilio kibaya, cha kamasi, ambacho sijawahi kukisikia katika matanga yake yote. Akaliita jina langu kama mama yangu alivyoliita.

"Niko!" nikasema, na mlango ukafunguka nikaangukia ndani.

Njeri alinikumbatia, kisha akarudi nyuma akanitazama. "Umetoka wapi? Mbona umejaa unga?" Shali yangu nyeusi ilikuwa nyeupe pe, kichwa pia, vumbi lote la Baba Dogo limenishukia kwa pamoja.

Tulimpigia Shiru kwa simu ya Mama Asha, tukampigia hadi akaipokea kwa kuiba, amejifungia bafuni. Mfuko wake ulikuwa umeshafungwa, uko chini ya kitanda. Aliponiona alibusu kioo tu. Nami nililia, sioni haya kusema.

Mimi nimerudi, lakini si mwili wote. Kidole changu cha shahada hakuna kioo kinachokisikia mpaka leo, natumia cha kati. Akaunti yangu bado inasema "Tunamkumbuka". Nimewaandikia kampuni kwa simu ya Njeri kwamba mimi ni mzima, na kila mara wananijibu, "Pole kwa msiba wako."

Na ahadi niliitimiza. Nilienda Fedha na Njeri. Mwanamke mwungwana akatukaribisha, nikamtajia jina la mumewe. Akakunja paji la uso. "Jina hilo nimelisikia wapi?" akajiuliza, akishika kifua. Nikamwomba atuonyeshe mlango wa nyuma. Akashangaa nilijuaje kwamba ulikuwepo. Walikuwa wameuziba kwa matofali walipopanua jiko, na mbele ya matofali hayo kuna friji. Tulimsihi aite hata hivyo. Aliita, kwa adabu, kama mtu anayesoma jina geni. Tukasikiliza. Friji ikaendelea kuvuma.

Nilirudi Baba Dogo kumwambia. Safari hii fundi alinisalimu vizuri, na benchi nililiona tupu. Lakini kikapuni simu moja isiyo na betri ilikuwa inawaka. Nikaiinamia nikasema, "Ndugu yangu, wameuziba." Ilikaa hivyo kidogo, kisha ikazima.

Kwa hiyo wewe unayesoma huku unacheka, yaseme makampuni upendavyo, yanastahili. Zika simu, zika programu. Lakini usimwandikie mtu aliye hai "lala salama" kwa utani, na wakikuandikia wewe, kimbia nyumbani uitwe mapema. Mimi niliokolewa na nyumba ya kanjo. Ninyi wengi siku hizi mnakaa kwenye maghorofa, na nimewahi kupanda huko kupeleka sare. Nyumba zenu zina mlango mmoja tu.