Moshi wa Siku ya Mnada

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Naogopa mamba wa Tana ingawa sijawahi kuoga mtoni, naogopa bahasha za kaki, na zaidi ya vyote naogopa pua ya bibi wa binti yangu, mama wa mwanamume aliyeniacha. Watu wengine humwogopa kwa ulimi wake. Hawajui. Ulimi wake una breki, pua yake haina.

Tulipoachana na mwanawe, miaka miwili iliyopita, wazee walikaa kutwa nzima wakakata shauri: binti yetu abaki na mimi hapa Garissa, maadamu sijaolewa na sijachafua jina. Siku baba yake atakaposikia lolote juu yangu, atamchukua mtoto ampeleke Griftu kwa mke wake mpya. Binti ana miaka saba. Hulala ameshika sikio langu, na nikijaribu kujitoa huamka. Tangu wazee wakate shauri hilo ninaishi kama mtu aliyebeba mayai kichwani, na mji mzima unanitazama nisijikwae.

Baba yake hufanya biashara ya ng'ombe. Kila Jumatano, siku ya mnada, huuza anachouza, kisha hupitia kwangu kabla ya magharibi kumwona mtoto. Mama yake, anayeishi mtaa wa pili, humchukua mtoto duksi, chuo cha Kurani, siku hiyo na kumleta nyumbani. Ana ufunguo wake. Kwa hiyo Jumatano mimi hutoka ofisini moja kwa moja mpaka jikoni, sipindi kushoto wala kulia.

Jumatano ile nilipinda. Rafiki yangu muuguzi alikuwa amehamishiwa Liboi na gari lake lilikuwa linaondoka asubuhi iliyofuata. Rafiki yetu wa tatu, anayeuza mabaibui sokoni, alinipigia simu ofisini akaniambia nisipokuja kumuaga nisimpigie tena maisha. Nikasema nitakuja kwa saa moja tu, saa kumi na nusu mpaka kumi na moja na nusu, si dakika zaidi.

Mahali penyewe palikuwa papya, karibu na mto. Makuti juu, mianzi pembeni, na langoni masanamu mawili ya mbao yenye meno nje. Kibao kiliandikwa Tiki Bar kwa rangi ya kijani, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe, HALALI TUPU, POMBE HAKUNA. Nilisoma mstari wa pili mara tatu nikiomba Mungu kila mpita njia asome huo huo. Tukaingia kwenye kona ya familia, iliyozibwa kwa pazia zito, nikashusha pumzi kidogo.

Vinywaji vililetwa kwenye vikombe vya udongo vyenye nyuso. Muuguzi aligeuza chake uso uangalie ukutani. "Mimi sinywi huku sanamu linanitolea macho," akasema. Tulicheka sana.

Lakini mchanganyaji wa vinywaji alikuwa fundi kwelikweli. Mtu wa bara, alijifunza kazi kwenye mahoteli ya pwani, na alitembea na meza yake ndogo ya magurudumu ili uone kila kitu kwa macho yako. Barafu aliifunga kwenye kitambaa akaiponda kwa rungu. Ndimu alizikamua papo hapo. Ukwaju, nanasi, tangawizi na tui la nazi alivipima kwa kikombe kidogo kama mfamasia, akavitikisa kwenye kopo la chuma mpaka kopo likatoka jasho, akachovya mrija, akaonja tone moja, akaongeza ndimu. Nilipoonja changu nilifumba macho. Kwa muda mfupi sikuogopa kitu chochote, na hilo pekee lingenitosha kujua kuna balaa linakuja.

"Sasa, dada zangu, kile cha mwisho," akasema. "Huko nilikotoka tulifukiza mdalasini. Nikaona hapa niwatengenezee cha kwenu."

Akatoa dabqaad, kile chetezo chetu cha udongo, makaa yakiwa mekundu ndani yake, akadondosha kipande cha uunsi alichonunua sokoni.

Asiyejua uunsi ajue hivi. Ni ubani uliopikwa na sukari na manukato, na kwetu mke huufukiza jioni mumewe anaporudi. Asiye na mume akinukia uunsi jioni, watu hawaulizi ametoka wapi, wanauliza ametoka kwa nani. Yule bwana hakujua. Aliona wanawake wananunua, akadhani ni kiungo kama viungo vingine. Sisi tulijua, na hatukumzuia, maana alikuwa amejitahidi na moshi wenyewe ulikuwa mzuri mno, ukizunguka ndani ya bakuli la kioo alilofunikia vikombe.

Halafu akaondoka, akaiacha dabqaad mezani mbele yangu ikiendelea kufuka.

Mikono yangu haikuniuliza. Miaka sita ya ndoa, kila jioni, nilisimama juu ya moshi ule nikaukusanya nguoni. Nilikuwa namsikiliza muuguzi akieleza nyumba atakayokaa Liboi, na huku naitikia, nikainua ncha ya garbasaar yangu, ule mtandio wa mabegani, nikaitandaza juu ya chetezo kama hema, nikauacha moshi upande mpaka shingoni, nikageuza upande wa pili. Muuza mabaibui ndiye aliyenitolea macho.

"Abaayo, dada yangu," akaninong'oneza, "leo si Jumatano?"

Nilijinusa begani. Hakukuwa na haja ya kuinama.

Sikumaliza kinywaji. Nilimkumbatia muuguzi vibaya, kwa mkono mmoja, nikimwepuka nisimwambukize harufu, jambo ambalo bado linaniuma. Kwenye tuktuk niliinua turubai pande zote mbili upepo unipige. Vumbi liliingia, harufu haikutoka. "Walahi leo umenukia," dereva akaniambia bila kugeuka. "Harusi ya nani?" Nikamwambia ya binamu yangu. Ndipo nikaogopa zaidi, maana sasa nilikuwa nimedanganya, na Garissa uongo hufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Njia nzima nilipanga: nitapita mlango wa nyuma, nitavua, nitakaanga vitunguu sufuria nzima.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na bibi alikuwa ameketi hapo hapo, kwenye kigoda changu, akichambua mchele wangu.

Nilitoa salamu kwa mbali. Hakuinua kichwa, lakini mkono wake ulisimama juu ya sinia. Kabla sijasema neno binti yangu alikuja mbio akanirukia kiunoni, akazika uso tumboni mwangu, akavuta pumzi ndefu. Akaniangalia kwa furaha ambayo sitaisahau.

"Hooyo, baba anarudi kukaa na sisi?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Unanukia kama zamani."

Bibi akaweka sinia chini.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilienda kumuaga rafiki yangu, ayeyo. Tumekunywa juisi. Moshi ulikuwa kwenye juisi."

Nilijisikia nikilisema. Hakuna mwongo duniani aliyewahi kutunga uongo mbovu kuliko ukweli wangu ule. Bibi alinitazama, kisha akamtazama mtoto, ambaye bado alikuwa amenishika kiuno. Nilianza kuhesabu kichwani nguo za mtoto za kufungasha. Gauni la Idi, sare mbili, sweta.

"Dabqaad yako iko wapi?"

Ilikuwa chini ya kitanda tangu siku ya talaka, na ndani yake kikopo cha uunsi, kipande kimoja kikavu. Nikamletea. Nilidhani anataka ushahidi wa kumwonyesha mwanawe. Akachota makaa jikoni kwangu, akaweka kile kipande chote, akainuka kwa fimbo yake. Alifukiza pazia. Akafukiza mito, godoro, sare za shule kwenye msumari. Akamsimamisha mtoto juu ya chetezo akamfunika, mtoto akicheka na kukohoa. Akajifukiza mwenyewe, yeye mjane wa miaka mingi, bila hata chembe ya haya usoni. Mwisho akaniambia, "Simama," akaishika garbasaar yangu kwa mikono yake miwili akaitandaza juu ya moshi.

Mwanawe alipoingia hata ukuta ulikuwa unanukia. Akasimama mlangoni, fimbo ya mnadani mkononi, akivuta pumzi, na macho yake yakanitafuta.

"Kuna sherehe gani hapa?"

"Sherehe ni mimi," mama yake akasema. "Nimefukiza nyumba ya mjukuu wangu. Au nilipaswa kuomba ruhusa Griftu?"

Alikaa. Nilimwekea chai. Alimsikiliza mtoto akisoma sura aliyojifunza duksi, akampa peremende, akaaga. Gari lake lilipowaka ndipo nilipoketi.

Bibi alivaa viatu taratibu. Mlangoni akasimama, amenipa mgongo.

"Hiyo juisi ilikuwa tamu?"

"Tamu, ayeyo."

"Siku ya mnada usiende tena," akasema. "Leo nilikuwapo kukusitiri."

Nilisikiliza fimbo yake ikigonga mawe ya uchochoro mpaka ikapotea. Binti yangu alilala mapema, ameshika sikio langu, na mimi sikuthubutu kusogeza kichwa.