Maharage Yalilainika Lakini Hayakuchemka

Asubuhi bado mbichi, na Bi Chambua ameikalia mikono yake. Si mzaha, ameikalia kweli, juu ya kibao cha jikoni, isije ikanyooka kumpokonya mkwewe ungo wa maharage yaliyolowekwa usiku kucha, anayoyachambua mara ya pili.

"Hapo pembeni, mwanangu. Hicho si harage, ni kijiwe."

"Nimekiona, mama."

"Haya, nimenyamaza."

Wapi! Mama huyu huwauzia maharage mekundu na dengu mafundi wa gereji iliyo mkabala na nyumba yake. Jina la Bi Chambua wamempa wao, kwa kuwa hakuna aliyewahi kung'ata jiwe kwenye bakuli lake. Sasa magoti yamegoma. Leo mke wa mwanawe anapika tena, kwa mara ya kwanza tangu yale mambo.

Yale mambo yalikuwa hivi. Bi Chambua alikwenda kumuuguza dada yake, akamwachia mkwe kazi. Binti wa watu akachambua vizuri, akaloweka usiku kucha. Kulipokucha, kwa kubana mkaa, akayabandika na maji yaleyale ya kulowekea, juu ya makaa yaliyofukiwa majivu. Yakajikalia hapo kwa joto la uvuguvugu, bila kutokota hata kidogo.

"Niliminya moja kwa kidole, likapondeka," anasema mkwe, macho chini. "Nikajua yameiva."

Mafundi wakala mchana, na haikufika jioni wakawa wanagombea choo. Binti mdogo wa mkwe mwenyewe, aliyeonjeshwa kijiko kimoja tu, alitapika mpaka akalegea kama kitambaa kilicholowa. Wote walipona, lakini gereji nzima ikahamia kwa muuza mikate.

"Mzazi mwenzangu, usidanganyike na ulaini," Bi Chambua anamwonya kila mzazi anayemsikia, kidole juu. "Harage jekundu lina ukali wake ndani, yaani sumu. Maji ya kulowekea mwaga, tia mapya, kisha moto wa nguvu. Lichemke hasa, siyo kuota moto! Likishatokota vya kutosha ndipo upunguze, liive taratibu. Dengu hazina makuu, lakini harage usilifanyie utani, hasa ukiwa na mtoto."

Sufuria inanguruma, mfuniko unarukaruka.

"Mimi ningepunguza moto sasa," Bi Chambua anamjaribu mkwe.

"Bado, mama."

"Mkaa huo..."

"Uishe! Bado."

Bi Chambua anageukia ukutani, akificha tabasamu.

Chakula kinapoiva, fundi wa breki anachungulia mlangoni. "Shikamoo, Bi Chambua. Kapika nani?"

"Marahaba. Mkwe wangu."

"Basi mimi leo nimefunga."

 Mkwe anapakua bakuli dogo, anapuliza, anakula mwenyewe vijiko viwili. Kisha anamwita bintiye, anampakata, na kumlisha. Kijiko kinafika mdomoni. Mtoto anatafuna, anafungua mdomo tena.

Fundi anakuna kichwa. Anavuta kigoda.

"Lete. Na mchuzi usininyime."

Bi Chambua hana ndoto za hoteli wala gari. Anachotaka ni kumwachia mkwe sufuria hii moja kwa moja.

"Kuna asubuhi moja naiomba kwa Mungu," anasema. "Nisikie maharage yanatokota huko jikoni, nijue mkwe yuko nayo mwenyewe, nami nigeukie upande wa pili nilale."