Niliwaacha Watoto Viziwi, Nikafuata Dhahabu

Kosa ni langu, ndugu msomaji, na usinitafutie utetezi. Sikudanganywa na mtu wala sikulogwa. Nilifanya kwa akili zangu timamu, tena nikajipongeza.

Nilikuwa mwalimu wa watoto viziwi katika shule moja ya msingi huku Shinyanga vijijini. Wengine waliletwa wakiwa wakubwa, miaka tisa, kumi, hawajui hata kwamba wana majina. Nyumbani waliitwa bubu, basi. Mimi ndiye niliyewafundisha lugha ya alama, na pale shuleni hakukuwa na mwingine aliyeijua.

Kati yao alikuwepo Kabula. Alikuja hajui chochote zaidi ya kunyoosha kidole. Siku alipoelewa kwamba alama ile ya mkono ni "mama", alimsubiri mama yake aje kumchukua, akamfanyia alama ile tena na tena mpaka mama wa watu akaanza kulia. Alama ya pili aliyoipenda ilikuwa "wapi". Mwalimu wapi, mbuzi wapi, mvua wapi. Alikuwa msumbufu huyo, na nilimpenda.

Lakini nilikuwa na shemeji yangu kule Segese, ana karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kila akija nyumbani ananicheka. "Mwalimu, utazeeka na vumbi la chaki. Wenzako wanajenga." Maneno yake yaliniingia. Nikaanza kuwaona wale watoto kama mzigo unaonichelewesha.

Niliondoka wakati wa likizo. Kusudi kabisa, ili nisiwaage. Nilijiambia ni watoto, watazoea. Shule ilipofunguliwa mwalimu mkuu alinipigia simu. "Wanasimama mlangoni mwa darasa wanakutafuta," alisema. Nikamjibu niko kwenye kelele za mashine, simsikii vizuri. Nilikuwa nimemsikia kila neno. Wale watoto wakarudishwa kwao mmoja mmoja.

Segese mambo yalinikubali, sikatai. Nilijenga Kahama, nikanunua gari, nikaitwa bosi na watu walionizidi umri. Watu hupenda kusema pesa haileti usingizi. Mimi nililala vizuri tu miaka yote ile, na hilo ndilo linaloniogopesha sasa.

Asubuhi moja baba yake Kabula alinifuata karashani. Binti alikuwa nyuma yake, amekuwa mkubwa, kampita baba yake kwa urefu.

"Shikamoo, baba Kabula."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja unisaidie kumwambia huyu mtoto neno moja tu. Mama yake alifariki."

Mama aliugua, akapandishwa basi pale Tinde kwenda hospitali Mwanza, asirudi. Mahari yake ilikuwa haijamalizika, kwa hiyo ndugu zake waliuchukua mwili wakauzika kwao Runzewe. Siku ya mazishi Kabula aliachwa nyumbani na mbuzi. Alichokiona yeye ni mama kupanda basi. Tangu hapo kila siku yuko barabarani Tinde, anachungulia kila basi linalosimama.

"Nimejaribu, mwalimu," alisema mzee. "Nililala chini nikafumba macho, nikajikausha. Akaniletea blanketi akanifunika."

Niliinua mikono yangu, nikaona haya jinsi ilivyokuwa mizito. Nikafanya "mama". Jamani, uso wake ulivyofunguka! Aliikumbuka. Akanishika mkono akaanza kunivuta kuelekea barabarani huku anacheka, akidhani nimemwambia mama amefika.

Nikafanya alama ya "kufa". Aliitazama mikono yangu, akasubiri niendelee.

Sikuwa nimewafundisha neno hilo. Watoto huwezi kuwaanzia na kifo. Unaanza na maji, ugali, mbuzi, mama. Kifo kingekuja mbele ya safari, na huko mbele mimi sikuwepo.

Niliwapakia kwenye gari hadi Runzewe, nikiamini akiliona kaburi ataelewa. Bibi yake alipomwona aliangua kilio, akamwonyesha tuta la udongo. Kabula akamfuta bibi machozi. Kisha akaingia nyumba za wajomba zake, moja baada ya nyingine, akifunua mapazia. Alipozimaliza hakwenda kwa baba wala kwa bibi. Alikuja kwangu, kwa sababu zamani mimi ndiye niliyekuwa na majibu.

"Mama wapi?"

Nikaonyesha udongo. Akaushika mkono wangu akaushusha taratibu, kama unavyomkanya mtoto anayetania vibaya, akauliza tena. Nililia mbele za watu, bosi mzima.

Sasa kila Jumamosi naenda kwao. Darasa letu limegeuzwa stoo ya mahindi, kwa hiyo tunakaa uani kwao. Tumeanza upya. Neno lile nilimwonyesha kwa kuku aliyekufa, baadaye kwa mbuzi. Analirudia vizuri, alama safi kabisa. Mbuzi amekufa. Kuku amekufa. Nikiliweka pamoja na "mama", anatikisa kichwa kukataa, anachukua khanga yake anaelekea barabarani. Sijui kama haelewi au hataki, na sina haki ya kumlazimisha.

Wewe unayefikiria kuacha kazi yako kwa sababu haikujengei nyumba, sikukatazi kutafuta. Maisha ni magumu, nami nyumba ninayo na nalala ndani yake. Ila kwanza angalia kama yupo mtu anayekutegemea kwa kitu ambacho hakuna mwingine wa kumpa. Kama yupo, usimtoroke. Mfikishe, au mkabidhi kwa mtu, kisha umtazame usoni umuage. Mimi sikufanya hivyo. Jana basi la Mwanza lilisimama Tinde kama kawaida, na Kabula alikuwepo kulipokea.